TAIRI KUBWA KATIKA GARI NDOGO ZA ABIRIA NA ATHARI ZAKE KATIKA UENDESHAJI

Haya ni maelezo kamili ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, madereva, wenye gari na wananchi wote wa Unguja na Pemba.



Gari ndogo za abiria, hususan zile za aina ya Toyota HiAce na nyenginezo zinazofanana nazo, zimekuwa tegemeo kubwa la usafiri katika visiwa hivi. Ndizo zinazowapeleka wanafunzi skuli, wagonjwa hospitali na wafanyakazi maofisini, na ndizo zinazowapokea wasafiri bandarini. Nyingi katika gari hizo huingizwa nchini zikiwa zimeshatumika Japani, na hufika zikiwa na tairi za kipimo kilichopangwa na kiwanda kilichozitengeneza. Hata hivyo, haupiti muda mrefu ila baadhi yao huonekana barabarani zikiwa na tairi kubwa zaidi kuliko zile zilizokuja nazo.

Sababu zinazotolewa na wenye gari ni tatu. Ya kwanza ni ubovu wa njia, kwani zipo njia za vijijini ambazo mawe yake hugusa uvungu wa gari, na wakati wa masika mashimo yake hujaa maji yasionekane kina chake. Ya pili ni upatikanaji, kwa kuwa mnunuzi hufika dukani akakosa kipimo anachokihitaji, akauziwa kinachokaribiana nacho. Ya tatu ni umbo, maana gari iliyonyanyuka hupendeza macho ya baadhi ya watu.

Sababu hizo zinafahamika, na ile ya kwanza hasa haistahiki kupuuzwa. Lakini wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Spidimita, breki, giya, sukani na springi za gari vyote vimepangwa kwa hesabu inayoanzia kwenye urefu wa gurudumu. Anayebadilisha gurudumu hubadilisha hesabu zote hizo kwa pamoja, ingawa mkononi ameshika spana moja tu. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza mabadiliko hayo kwa vipimo, ili kila mwenye dhamana ya gari aamue akiwa anajua.

KUSOMA MAANDISHI YA TAIRI

Kabla ya yote, hapana budi kufahamu maandishi yaliyopo ubavuni mwa tairi. Na uchukuliwe mfano wa tairi iliyoandikwa 195/70R15C 104/102R, ambayo ni kipimo kinachotumika katika gari nyingi ndogo za abiria na mizigo.

Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 70 ni kimo cha ubavu wake, nacho ni asilimia 70 ya ule upana. Herufi R huonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Herufi C huonyesha kwamba tairi imetengenezwa kwa gari za kazi, yaani zenye kubeba abiria wengi au mizigo. Nyengine za kundi hilo huandikwa LT. Namba 104 ni alama ya uzito, na maana yake ni kwamba tairi moja inaweza kuchukua kilo 900. Namba 102 inahusu gari zenye tairi mbili mbili kwa kila upande wa nyuma, na maana yake ni kilo 850 kwa kila tairi. Herufi R ya mwisho ni kikomo cha mwendo, nacho ni kilomita 170 kwa saa.

Ipo pia namba ya tarakimu nne inayokuja mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT. Hiyo ni tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa imeandikwa 2319, tairi hiyo ilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mnunuzi wa tairi zilizotumika ana haki ya kuitazama namba hiyo kabla ya kutoa fedha zake, kwa sababu mpira huzeeka hata kama haujatembea.

FAIDA INAYOPATIKANA

Sasa na ichukuliwe kwamba mwenye gari ameiondoa tairi hiyo na kufunga ya 215/75R15. Kwa jicho, tofauti yake ni kubwa. Kwa hesabu, tairi ya mwanzo ina kipenyo cha milimita 654, na ya pili ina kipenyo cha milimita 703.5. Ongezeko ni milimita 49.5, sawa na asilimia 7.6.

Lakini gari hukaa juu ya nusu ya chini ya gurudumu. Kwa hiyo gari hunyanyuka kwa nusu tu ya ongezeko lile, yaani milimita 25 hivi, ambazo ni sawa na upana wa vidole viwili visivyo vinene. Hicho ndicho kimo chote kilichonunuliwa. Ni kweli kwamba kinaweza kuinusuru difu na jiwe moja katika njia mbovu, wala faida hiyo haikataliwi. Suala linalofaa kuulizwa ni kwamba milimita 25 hizo zimelipiwa kwa kitu gani.

SPIDIMITA

Malipo ya kwanza yanaonekana mbele ya macho ya dereva, naye asiyatambue. Spidimita hupokea hesabu ya mizunguko kutoka kwenye giaboksi au kwenye magurudumu, kisha huigeuza kuwa kilomita kwa mujibu wa tairi iliyopangwa na kiwanda. Haina njia ya kujua kwamba gurudumu limekuwa kubwa, na kwamba kila mzunguko mmoja sasa unakula ardhi zaidi.

Katika mfano uliotajwa, mshale ukionyesha kilomita 50 kwa saa, gari inakwenda karibu kilomita 54. Ukionyesha 80, gari inakwenda kilomita 86. Ukionyesha 100, gari inakwenda kilomita 107 na nusu. Dereva anayepita mbele ya skuli akiwa ameridhika kwamba ameiheshimu alama ya 50, anakuwa ameivunja bila ya kukusudia.

Baadhi ya madereva hujibu kwamba spidimita za kiwandani huzidisha kidogo, na kwa hivyo tairi kubwa huzirudisha kwenye ukweli. Maneno hayo yana asili yake. Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidimita inakataza chombo hicho kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli, na inaruhusu kionyeshe zaidi kwa kiasi maalumu. Ila ziada hiyo hutofautiana baina ya gari na gari, na dereva haijui ya gari yake mpaka ipimwe. Ziada hiyo imewekwa ili iwe akiba ya usalama, na akiba isiyojulikana kiasi chake haifai kutumiwa.

BREKI

Malipo ya pili ndiyo mazito zaidi, nayo yanahusu breki.

Breki hushika katikati ya gurudumu, na ardhi husukuma kwenye ukingo wake. Mwenye kutaka kulielewa jambo hili na autazame mlango. Anayeuzuia kwa kuushika karibu na bawaba hutumia nguvu nyingi, na anayeusukuma kwenye ukingo hushinda kwa nguvu kidogo. Gurudumu likiwa kubwa zaidi, ukingo huwa mbali zaidi na breki, na ardhi hupata mkono mrefu zaidi wa kushindana nayo. Kwa mguu uleule wa dereva juu ya breki, nguvu inayoizuia gari hupungua kwa asilimia 7 katika mfano huu.

Wakati huohuo, gari inakwenda kasi zaidi kuliko mshale unavyosema, na nguvu ya mwendo haiongezeki kwa kadiri ya kasi tu, bali huongezeka kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Kasi ikizidi kwa asilimia 7.6, nguvu inayopaswa kumalizwa na breki huzidi kwa karibu asilimia 16.

Mambo hayo mawili yakikutana, matokeo yake ni kwamba kwa mshale uleule, na kwa mguu uleule wa breki, masafa ya kusimama huongezeka kwa karibu asilimia 24. Gari iliyokuwa ikisimama kwa mita 30, sasa inahitaji mita 37. Mita 7 hizo zilizoongezeka ni zaidi ya urefu wa gari yenyewe. Ndani ya mita hizo ndimo anamoweza kuwa mtoto anayevuka barabara, mpanda baiskeli, au punda aliyefungwa gari la mizigo.

Dereva mzoefu anaweza kukanyaga kwa nguvu zaidi ili aifidie tofauti hiyo, na pale ambapo breki ni nzima na barabara ni kavu, atafanikiwa kwa kiasi. Lakini mguu wa dereva umezoea gari yake kwa miaka, na wakati wa dharura mguu hutangulia kabla ya fikra. Zaidi ya hayo, breki zinazofanyishwa kazi kubwa kila siku hupata moto na hulika mapema, na katika mteremko mrefu breki zilizopata moto hupoteza nguvu.

GIYA, KLACHI NA VILIMA

Jambo lililoipunguzia breki nguvu huipunguzia pia injini. Nguvu inayofika ardhini katika kila giya hupungua kwa kiasi kilekile cha asilimia 7, kana kwamba giya zote zimefanywa nzito. Katika njia za tambarare za Unguja, dereva huenda asilione hilo kwa haraka. Lakini Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na barabara yake kuu itokayo Mkoani kwenda Chake Chake hadi Wete hupanda na kushuka. Huko gari iliyojaa abiria hulazimika kurudishwa giya ya chini mapema zaidi, na inapoondoka kutoka kusimama mlimani, dereva huikamatisha klachi kwa muda mrefu zaidi. Klachi iliyotarajiwa kudumu huungua kabla ya wakati wake, na lawama hutupiwa spea.

Kwa gari zenye giaboksi ya kujiendesha, mafuta yake hupata moto zaidi. Kwa gari zinazovutwa na magurudumu yote manne, ni lazima tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja na zilizolika sawasawa, kwani zikitofautiana, mbele na nyuma hushindana ndani ya giaboksi na kuivunja.

SUKANI NA NAFASI YA GURUDUMU

Katika gari nyingi za aina hii, dereva hukalia juu ya gurudumu la mbele, na nafasi iliyoachiwa gurudumu hilo ni ndogo. Tairi iliyoongezeka upana kwa milimita 20 na kipenyo kwa milimita 49 huweza kupita vizuri gari ikiwa tupu na imenyooka. Gari ikijaa abiria, ikaingia shimoni huku sukani imekatwa hadi mwisho, tairi hiyo hugusa madigadi, na lililo baya zaidi, huweza kusugua paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki. Paipu hiyo haipasuki siku ya kwanza. Hulika kidogo kidogo, na siku ya kupasuka huwa ni siku breki iliyokanyagwa kwa nguvu zote.

Aidha, tairi pana huifanya sukani kuwa nzito wakati wa kuegesha, na katika njia yenye mikondo ya magurudumu huivuta gari kuifuata mikondo hiyo. Wakati wa mvua, tairi pana huhitaji kuyatoa maji mengi zaidi chini yake. Iwapo mikato yake imelika, au mwendo ni mkubwa, tairi hupanda juu ya maji na sukani ikawa haina amri. Katika nchi nyingi kikomo cha chini cha kina cha mikato hiyo ni milimita 1.6, na tairi iliyofikia hapo ni ya kuondolewa, iwe kubwa au ndogo.

Hali kadhalika, gari iliyonyanyuliwa huwa na uzito wake juu zaidi. Milimita 25 peke yake ni ongezeko dogo. Lakini gari hizi kwa asili ni ndefu kwenda juu na nyembamba, na mara nyingi juu yake huwekwa magunia, mikungu ya ndizi na mabegi. Kila kimo kinachoongezwa hujumlishwa na chengine, na jumla yake hudhihiri katika kona.

UKUBWA SI NGUVU

Wapo wanaoamini kwamba tairi kubwa hubeba zaidi. Imani hiyo imewatia hasarani wengi, na jawabu lake limeandikwa ubavuni mwa tairi yenyewe. Tairi ya 215/75R15 iliyotengenezwa kwa gari za kawaida mara nyingi huwa na alama ya uzito 100, maana yake kilo 800. Ile ndogo ya 195/70R15C iliyotolewa ilikuwa na alama 104, yaani kilo 900. Kwa magurudumu manne, mwenye gari amefunga tairi kubwa zaidi na amepoteza uwezo wa kilo 400, ambazo ni uzito wa watu wazima 6 hivi.

Tairi iliyobebeshwa kupita uwezo wake hujikunja ubavu katika kila mzunguko, hupata moto, na hatimaye hupasuka. Hupasuka gari ikiwa imejaa na ikiwa katika mwendo, kwa kuwa hayo mawili ndiyo yanayoleta moto. Kwa hivyo, mnunuzi asiulize ukubwa peke yake. Na aulize kwanza alama ya uzito, tena aisome mwenyewe.

Upepo nao una hesabu yake. Kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva hueleza upepo unaotakiwa kwa tairi ya kiwanda. Tairi ya kipimo chengine, au ya kundi jengine, haifuati kibandiko hicho, na mwenye kuijaza kwa kukisia huwa ameongeza hatari ya pili juu ya ile ya kwanza.

DAFTARI LA GARI NA AMANA YA DEREVA

Kwa watumishi wa Serikali lipo jambo jengine linalohitaji kuzingatiwa, nalo ni kumbukumbu. Gari za ofisi huandikiwa kila safari na kila lita ya mafuta. Spidimita inayopunguza mwendo hupunguza pia hesabu ya kilomita.

Na ichukuliwe gari iliyokuwa ikienda kilomita 400 kwa lita 50, yaani kilomita 8 kwa lita. Baada ya kufungwa tairi za mfano uliotajwa, gari hiyo ikienda masafa yaleyale, spidimita itaandika kilomita 372 tu. Karani atagawa, na atapata kilomita 7.4 kwa lita. Hata kama injini haikutumia tone la ziada, karatasi itasema mafuta yamepungua. Na kwa kuwa tairi kubwa kwa kawaida ni nzito na huongeza matumizi ya kweli, upungufu utaonekana mkubwa zaidi. Dereva mwaminifu atatakiwa ajieleze, na hatakuwa na la kusema kwa sababu hajui kilichotokea. Heshima ya mtumishi huweza kuvunjwa na kosa la hesabu lililoanzia kwenye gurudumu.

Matengenezo nayo huchelewa kwa njia hiyo. Gari inayobadilishwa oili kila kilomita 5,000 za spidimita, kwa hakika huwa imekwenda karibu kilomita 5,380. Na ikifika kilomita 20,000 kwa hesabu ya chombo, ardhini imeshapita kilomita 21,500. Kwa hiyo, mabadiliko yoyote ya kipimo cha tairi katika gari ya ofisi yanafaa kuandikwa ndani ya daftari lake, pamoja na tarehe na hesabu ya kilomita ya siku hiyo, ili atakayekuja baadaye ajue anachokisoma.

Wenye gari binafsi nao wanashauriwa kuisoma mikataba yao ya bima. Mikataba mingi ya aina hiyo humtaka mwenye gari aarifu mabadiliko makubwa yaliyofanywa katika chombo, na suala hilo ni vyema liulizwe kabla ya ajali.

NJIA ILIYO BORA

Haitoshi kukataza bila ya kuonyesha njia. Mwenye gari anayesumbuliwa na mawe na mashimo anaweza kufanya yafuatayo kabla ya kufikiria tairi kubwa.

Kwanza, na azichunguze springi. Springi za nyuma zilizochoka kwa miaka ya kubebeshwa kupita kiasi huishusha gari kwa kimo kinachoweza kuzidi zile milimita 25. Kuzirejesha katika hali yake hurudisha kimo kilichopangwa na kiwanda, na shokapu nzima huizuia gari isizame kila inapoingia shimoni. Izingatiwe, hata hivyo, kwamba baadhi ya gari hizi zina kifaa karibu na ekseli ya nyuma kinachopima mzigo na kugawa nguvu ya breki baina ya mbele na nyuma. Mwenye kuzinyanyua springi kupita kimo cha kiwanda hukihadaa kifaa hicho, kikadhani gari ni tupu, na breki ya nyuma ikapungua. Kusudio liwe ni kurejesha, wala lisiwe kuzidisha.

Pili, na apunguze mzigo. Gari iliyopakiwa kwa mujibu wa uwezo wake hukaa juu zaidi kuliko iliyojazwa kupita kiasi, na hili halina gharama.

Tatu, na anunue tairi imara ya kipimo kilekile cha kiwanda, yenye alama ya C au LT na alama ya uzito isiyopungua ile ya asili. Kinachostahamili mawe ni unene na uimara wa ubavu, si ukubwa wa duara.

Nne, na apime upepo kila wiki, tairi zikiwa baridi.

IWAPO MABADILIKO HAYAEPUKIKI

Itatokea kwamba kipimo cha asili hakipatikani kabisa. Katika hali hiyo, mafundi wa nchi nyingi hufuata kanuni ya kwamba kipenyo kisizidi wala kisipungue kwa zaidi ya asilimia 3. Kwa tairi ya 195/70R15, kipimo cha 205/70R15 kina kipenyo cha milimita 668, ambacho ni ongezeko la asilimia 2 na kidogo, na hicho kimo ndani ya mpaka. Kile cha 215/75R15 kimeupita mpaka huo kwa zaidi ya mara mbili.

Baada ya kufunga, yafuatayo ni ya lazima:

1. Tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja, na tairi ya akiba vilevile. Aidha, ihakikishwe kwamba tairi ya akiba inaingia mahali pake chini ya gari, na kwamba jeki inafikia kimo kipya.

2. Ringi iwe ya upana unaokubaliwa na tairi hiyo. Tairi pana juu ya ringi nyembamba haikai sawa, na ubavu wake huyumba katika kona.

3. Sukani ikatwe hadi mwisho pande zote mbili, gari ikiwa tupu na ikiwa na mzigo, na fundi aingie chini kutazama kama tairi inagusa chochote, hasa paipu za breki.

4. Magurudumu yapimwe mwelekeo na mizani, na nati zikazwe tena baada ya safari za mwanzo.

5. Mwendo wa kweli upimwe. Leo simu nyingi za mkononi zinaweza kupima mwendo kwa setilaiti. Na aishike abiria, asiishike dereva, kisha zilinganishwe hesabu mbili hizo katika mwendo wa 40, 60 na 80. Tofauti iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe mbele ya dereva, au spidimita ipelekwe kwa fundi anayeweza kuirekebisha.

6. Breki zijaribiwe mahali pasipo na watu, gari ikiwa na mzigo, kabla ya kuchukua abiria wa kwanza.

HITIMISHO

Ndugu Wananchi,

Abiria anapopanda gari, hatazami maandishi ya tairi. Mzazi anayempakia mwanawe asubuhi kwenda skuli hana namba ya kipenyo wala alama ya uzito. Wote hao wamemwachia dereva, fundi na mwenye gari kazi ya kujua kwa niaba yao. Hiyo ni amana, na hutimizwa kwa mambo madogo: kusoma maandishi ubavuni, kusoma kibandiko mlangoni, na kuuliza alama ya uzito kabla ya kuuliza bei.

Milimita 25 za kimo zina faida yake katika njia mbovu. Mita 7 za kusimama zina thamani kubwa zaidi kuliko hizo. Kila mwenye dhamana ya gari anaombwa aviweke vipimo hivyo viwili pamoja katika mizani kabla ya kutia saini ya ununuzi wa tairi, na kila dereva anayekabidhiwa gari iliyokwisha kubadilishwa anaombwa aitoe gari hiyo kwa mwendo mdogo, na aongeze nafasi baina yake na gari iliyo mbele, mpaka vipimo vyake vitakapojulikana.